Mkunga Hapimwi kwa Kukariri

Katika mji wa Morogoro leo, kijana aliyehitimu stashahada ya uuguzi na ukunga akiona jina lake kwenye orodha ya walioitwa kwenye usaili, jambo la kwanza analofanya ni kutafuta kitini. Hakikosekani. Kipo kwenye makundi ya WhatsApp na Telegram, kinauzwa kwa bei ya sahani ya chipsi, kimejaa maswali na majibu yaliyopangwa tayari kumezwa. Basi anakesha nacho. Anameza dira na dhima ya taasisi, majina ya viongozi wa wizara, maana ya utawala bora, na lile jibu la kupendeza la swali la kwa nini aajiriwe yeye na asiajiriwe mwingine. Siku ya usaili inafika anayajua yote, na katika siku zote hizo mikono yake haijagusa mdoli wa mazoezi hata mara moja.

Nalikataa jambo hili kwa nguvu zangu zote. Simlaumu kijana, kwa kuwa anajiandaa kwa kile anachoamini ataulizwa, na mara nyingi haamini bure. Nawalaumu watu wazima: wanaotunga maswali, wanaoketi upande wa pili wa meza, wanaouza vitini, na wazazi wanaomwambia mtoto "kameze vizuri" badala ya kumwambia arudi leba akanoe mikono. Tumekubali kwamba mtu atakayekabidhiwa roho mbili kwa wakati mmoja anaweza kupimwa kwa kipimo kile kile cha mtunza kumbukumbu. Hoja yangu ni hii, na nitaisimamia mpaka mwisho: mkunga apimwe kwa kile ambacho mikono yake inaweza kufanya, na ajiandae kwa usaili kwa kuiandaa mikono hiyo.

Nisieleweke kwamba nataka usaili ufutwe. Zamani, na si zamani sana, mhitimu wa kada ya afya alisubiri kupangiwa kituo; jina likitoka, alifunga mizigo akaenda. Siku hizi anaomba kupitia Ajira Portal ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, anafanya mchujo wa maandishi, na akivuka anaitwa kwenye mahojiano. Vyuo vinatoa wahitimu wengi kuliko vibali vya ajira vinavyotolewa, na penye watu wengi na nafasi chache, ushindani wa wazi ni kinga ya mnyonge. Mtoto wa mkulima wa ndizi wa Kinole, asiye na mtu wa kumpigia simu Dodoma, hana njia nyingine ya haki ya kuingia kazini. Usaili ni mali yake. Ndiyo maana ninakasirika ninapoona mali hiyo inageuzwa kuwa shindano la kumbukumbu.

Mtu akitaka kujua mkunga anapaswa kuulizwa nini, apande Uluguru. Achepukie Bigwa, apite Kiroka na Mkuyuni hadi Matombo, kisha aulize njia ya kwenda Kibungo Juu au Kolero. Au aingilie Sangasanga kwenye barabara ya Iringa, apande Mgeta mpaka Langali, Nyandira na Tchenzema. Milima hii inafika zaidi ya mita 2,600 kwenye kilele cha Kimhandu. Vijiji vimeshikilia miteremko, na kati ya kijiji na kijiji kuna bonde na mto. Masika yakikaza kati ya Machi na Mei, udongo unaporomoka, bodaboda inakwama, na mwendo wa saa moja unakuwa safari ya nusu siku.

Huko kuna zahanati. Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi ulioanza 2007 ulitaka kila kijiji kiwe na zahanati na kila kata iwe na kituo cha afya, na wananchi walibeba mawe na mchanga kwa vichwa vyao ili majengo yasimame. Lakini jengo halizalishi. Usiku wa manane, katika zahanati ya mlimani, anayezalisha mara nyingi ni mtu mmoja, na mtu huyo anaweza kuwa ndiyo kwanza ameripoti, akiwa katika ajira yake ya kwanza.

Sasa mama amejifungua, mtoto amelia, ndugu nje wamepiga vigelegele, kisha damu inaanza kutoka na haikomi. Hakuna daktari bingwa hapo, wala damu ya kumwongezea. Mkunga anaweza kupiga 115, namba ya bure ya mfumo wa m-mama uliozinduliwa kitaifa Aprili 2022, akapatiwa gari la kumpeleka mama kwenye kituo cha juu. Ni mfumo mwema na umeokoa wengi. Lakini damu haingoji gari lipande mlima: kutokwa damu baada ya kujifungua kunaweza kumuua mwanamke mwenye afya njema ndani ya saa mbili. Katika saa mbili hizo mama ana mikono ya huyo kijana tu. Je, inajua kukanda mji wa mimba mpaka ushupae? Inajua kuingiza sindano ya dripu kwenye mshipa uliosinyaa, kumwaga kibofu kilichojaa, kukagua kondo la nyuma kama limetoka zima, kutafuta mchaniko kwa mwanga wa simu, na yote hayo huku sauti ya mkunga ikiwa tulivu ili mama asikate tamaa? Dira na dhima ya taasisi haitamfaa mama huyo kwa lolote.

Na kwa Waluguru kifo cha mama kina uzito wa pekee. Ukoo huku hupita kwa mama. Mashamba ya ukoo hurithiwa kwa upande wa kike, na mjomba ana sauti katika nyumba ya dada yake. Mwanamke anapokufa akizaa, ukoo umekatwa mahali pale pale unapoendelezwa. Milima hii ndiyo chanzo cha mto Ruvu, ambao maji yake Dar es Salaam inayanywa kila siku. Watu wanaoutunza mlima unaoinywesha Dar es Salaam wana haki ya kudai mkunga anayejua kazi, na wanayo haki ya kuuliza tumempataje.

Watu watasema ninadharau elimu ya darasani. Siidharau. Nimesimama juu ya ushahidi uliopatikana humu humu nchini. Mwaka 2010, katika Hospitali ya Kilutheri ya Haydom mkoani Manyara, watumishi walifundishwa kwa siku moja namna ya kumsaidia mtoto mchanga asiyepumua. Walipopimwa baadaye kwa mdoli walionekana wamepanda kiwango. Watafiti walipotazama leba yenyewe, huduma kwa watoto halisi ilikuwa haijabadilika. Badiliko lilikuja pale hospitali ilipoanzisha mazoezi mafupi ya mara kwa mara, pale pale kazini, na hapo ndipo vifo vya watoto katika saa 24 za kwanza vilipopungua. Somo la Haydom ni zito kwetu: hata mafunzo mazuri ya siku moja hayatoshi kubadilisha mkono. Kama siku nzima ya mafunzo ya vitendo haikutosha, usiku mmoja wa kukariri kitini utafanya nini?

Somo hilo halikuishia Haydom. Mpango wa Safer Births ulipeleka mazoezi ya aina hiyo katika vituo 30 vya mikoa mitano, Manyara, Tabora, Geita, Shinyanga na Mwanza, na matokeo yaliyochapishwa Februari 2025 yalionyesha vifo vya akina mama katika vituo hivyo vimepungua kwa asilimia 75. Utafiti wa E-MOTIVE uliochapishwa 2023, katika hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania, uliwapa watumishi shuka maalumu la kupimia damu inayotoka na kuwafunza kutoa tiba zote za awali kwa mpigo mmoja, bila kungoja hii ishindwe ndipo wajaribu ile. Madhara makubwa ya kutokwa damu yalipungua kwa asilimia 60. Takwimu za taifa nazo zinasema vifo vya uzazi vilikuwa 556 kwa kila vizazi hai 100,000 katika utafiti wa 2015/16, na vikawa 104 katika utafiti wa 2022. Ushindi huo ni wa kujivunia, na sehemu yake kubwa imetoka leba, kwa watu waliokesha wamevaa glavu. Sasa tunataka kuwapata warithi wao kwa kuwauliza tofauti ya dira na dhima?

Tazama tunavyomwajiri dereva. Anayeomba udereva serikalini huitwa kwenye usaili wa vitendo: anakabidhiwa usukani, msaili anatazama anavyorudi nyuma na anavyoegesha. Hakuna anayempa dereva kazi kwa sababu ameeleza vizuri maana ya breki. Mkunga mara nyingi anapita kwenye karatasi ya mchujo, anapita kwenye mahojiano ya mdomo, anapewa barua ya ajira, na katika safari hiyo yote hakuna mtu aliyeiona mikono yake ikifanya kazi. Tumeonyesha kwa matendo kwamba tunaliogopea gari kuliko tunavyomwogopea mama. Aibu hiyo tuibebe, kisha tuiondoe.

Najua majibu yanayotolewa. La kwanza ni kwamba Baraza la Uuguzi na Ukunga limeshampima kijana kwa mtihani wa leseni, kwa hiyo uwezo wake haupaswi kutiliwa shaka. Vizuri. Kama Baraza limeshathibitisha kwamba anajua nadharia, kwa nini usaili unamrudisha kwenye nadharia ile ile? Muda wa jopo ungetumika kuona kile ambacho karatasi ya mtihani haiwezi kuonyesha.

La pili ni kwamba waombaji ni maelfu, na haiwezekani kumweka kila mmoja mbele ya mdoli. Sijasema kila mmoja. Mchujo wa maandishi uendelee kupunguza idadi. Ninazungumzia wale wanaobaki na kuitwa mezani. Vyuo vyetu vya afya hufanya mitihani ya vitendo ya kuzunguka meza kwa meza: mwanafunzi anaingia, anakuta kazi, vifaa na msahihishaji mwenye karatasi ya alama. Ujuzi wa kuendesha jambo hilo upo, wakufunzi wapo, midoli ipo katika vyumba vya mazoezi vya vyuo hivyo hivyo. Meza mbili za dakika tano zinatosha: mtoto asiyepumua, na mama anayetokwa damu. Dakika kumi. Anayesema taifa halina dakika kumi za kumtazama mkunga kabla ya kumkabidhi leba kwa miaka 30 ijayo, akaseme maneno hayo Kolero, mbele ya waume waliozika.

La tatu husemwa kwa sauti ya chini: usaili wa maandishi na maswali ya mdomo yanayofanana kwa wote huzuia upendeleo, na vitendo vitafungua mlango wa kujuana. Ni kinyume chake. Mdoli haujui mtoto wa nani amesimama mbele yake. Hewa inaingia kifuani au haiingii, na watu watatu wenye karatasi ya alama wanaona kitu kimoja. Upendeleo hujificha vizuri zaidi kwenye maswali ya "jielezee", ambako alama hutolewa kwa lafudhi, kwa mavazi na kwa ufasaha.

Na hapo kwenye ufasaha nina neno zito. Vijana hawa wamefundishwa kwa Kiingereza, vitini wanavyovimeza vimeandikwa kwa Kiingereza, na wengi wanaingia kwenye usaili wakihofia lugha kuliko wanavyohofia kazi. Nimeshuhudia binti anayejua kabisa afanye nini mama akipata kifafa cha mimba akibabaika kutafuta kitenzi cha Kiingereza, huku mwenzake aliyekariri sentensi nzima akitikisiwa kichwa. Mama wa Tchenzema akishikwa na uchungu atalia kwa Kiluguru au kwa Kiswahili. Atahitaji kuelezwa kwa lugha yake kwa nini asisukume bado, kwa nini anachomwa sindano, kwa nini inabidi ashuke mlima usiku huu. Mahojiano ya mkunga yafanyike kwa Kiswahili. Majina ya dawa na vipimo yabaki kama yalivyo kwenye jalada, na mengine yote yasemwe kwa lugha atakayoitumia kazini.

Liko pia swali ambalo vitini hulijibu kwa sentensi mbili, nalo lilistahili nusu ya usaili: utamtendeaje mama? Wanawake wanayajua ya leba. Wanajua kufokewa, kuachwa peke yao kitandani, kuambiwa maneno ambayo gazeti hili haliwezi kuyachapa. Mwanamke aliyetukanwa kwenye uzazi wa kwanza atajifungulia nyumbani uzazi wa pili, na atawaambia wadogo zake wafanye hivyo hivyo. Lugha chafu ya mkunga inaua, ingawa haitaandikwa kama sababu ya kifo. Basi jopo lisimuulize kijana "taja haki za mteja". Mmoja wao aigize bibi mzaa mama aliyeshuka na mjukuu wake kutoka kijijini. Binti amekunywa miti shamba ya kuongeza uchungu, bibi hataki kulisema hilo, na mjomba bado hajakubali mgonjwa apelekwe Hospitali ya Rufaa ya Mkoa. Kijana aongee nao. Je, atamsalimu bibi kwanza? Atauliza habari za dawa bila kumwaibisha? Atamweleza mjomba hatari kwa maneno yanayoeleweka, kwa heshima, na kwa haraka? Dakika tano za mazungumzo hayo zitafichua tabia ambayo barua tatu za wadhamini haziwezi kuifichua.

Sasa nikugeukie wewe mwanangu, uliyeitwa. Mageuzi ninayoyadai huenda yasifike kabla ya tarehe yako. Hata hivyo, nakuomba ujiandae kama mkunga, kwa sababu aliyejiandaa hivyo huyajibu hata maswali ya karatasi kwa uzito ambao mkariri hana.

Anza na nyaraka ili zisikutoe kijinga. Kusanya vyeti halisi: cha kuzaliwa, cha sekondari, cha chuo, pamoja na cheti cha usajili na leseni ya Baraza. Hati za matokeo za muda hazikubaliwi. Kama jina lako limeandikwa tofauti kwenye vyeti viwili, shughulikia hati ya kisheria ya jina mapema. Wapo waliorudishwa mlangoni kwa ajili ya herufi moja. Na mtu yeyote anayekuomba fedha akuhakikishie nafasi ni tapeli. Mfunge mdomo kwa kumripoti.

Kisha rudi kwenye mikono. Nenda chuoni kwako au hospitali uliyofanyia mafunzo kwa vitendo, muombe msimamizi wa leba akuruhusu kutumia mdoli. Mchukue mwenzako ashike saa ya simu. Mtoto amezaliwa hapumui: mkaushe, msisimue, safisha njia ya hewa ikihitajika, weka barakoa, puliza, tazama kifua kinainuka. Una sekunde 60. Rudia mpaka mkono ufanye kabla hujafikiri. Halafu badilishaneni. Halafu fanya la damu, na unapofanya sema kwa sauti kila hatua na sababu yake: nakanda mji wa mimba kwa sababu hii, nachoma oksitosini kwa sababu hii, naita msaada sasa hivi kwa sababu hii. Anayezoea kufanya huku akieleza hatababaika jopo likimwambia aeleze tu.

Zipo namba ambazo lazima zikae damuni: mapigo ya moyo wa mtoto tumboni 110 hadi 160 kwa dakika; presha ya 140 kwa 90 inayokwambia simama na uangalie mkojo; mililita 500 za damu zinazokwambia hili limekuwa tatizo; uniti 10 za oksitosini ndani ya dakika moja baada ya mtoto kuzaliwa. Zijue, na ujue kila namba inakuamuru ufanye nini. Msaili mzuri atakusukuma kutoka kwenye namba hadi kwenye uamuzi, na huko ndiko mkariri anakoanguka.

Fungua kitabu chako cha kumbukumbu za mafunzo. Chagua mama watatu uliowahudumia: mmoja aliyejifungua vizuri, mmoja aliyeharibikiwa, na mmoja aliyekutia hofu. Jizoeze kueleza kila mmoja kwa mpangilio: ulikuta nini, ulifanya nini, ilikuwaje, na leo ungebadilisha nini. Usitaje jina la mama wala la kijiji chake. Siri ya mgonjwa ni sehemu ya usaili hata kama hakuna aliyekwambia. Ukiulizwa kwa nini uajiriwe, acha lile jibu tamu la kitini. Mweleze msaili juu ya mama wa pili.

Ijue nchi unayoiomba. Kama nafasi ni ya Mvomero au ya Halmashauri ya Wilaya ya Morogoro, kaa na ramani. Kutoka Nyandira unampeleka wapi mama, kwa njia ipi, barabara ikikatika unafanya nini, unapiga namba gani? Mgombea anayeweza kueleza rufaa kutoka Kibungo Juu siku ya mvua ameshaonyesha kwamba anaiona kazi, wakati mwenzake anauona mshahara. Na kama moyoni umeshaamua kwamba ukipata ajira utatafuta uhamisho kwenda mjini kabla ya mwaka kwisha, uwe mkweli kwa nafsi yako sasa. Nafasi unayoishika na kuiacha ni ya mama fulani.

Ukiingia, amkia wakubwa wako, kaa ukiambiwa, na usikilize swali mpaka mwisho. Ukiulizwa usilolijua, sema hujui, kisha sema ungemuuliza nani na ungefanya nini ukimsubiri. Leba inawahitaji watu wanaojua kuomba msaada mapema. Anayejifanya anajua ndiye anayechelewesha rufaa. Na ukipewa nafasi ya kuuliza, usitikise kichwa ukasema huna swali. Uliza kama kituo kina nyumba ya mtumishi. Uliza kama kuna mwenzako wa zamu. Uliza kama friji ina umeme wa uhakika, maana oksitosini hutunzwa kati ya nyuzi 2 na 8, na dawa iliyokaa kwenye joto itakuangusha usiku unaoihitaji. Maswali hayo si utovu wa adabu. Ni maswali ya mtu anayekwenda kufanya kazi.

Nina madai mawili zaidi kwa wenye mamlaka. Tangazo la usaili huandika kwamba msailiwa atajigharamia chakula, usafiri na malazi. Kwa binti wa Kolero hiyo ni bodaboda hadi Mvuha, gari hadi mjini, na kama usaili uko Dodoma, nauli nyingine na mahali pa kulala. Fedha hiyo mama yake ameitoa kwenye tenga la ndizi lililoshushwa Soko la Chifu Kingalu. Usaili wa walimu wa 2025 ulifanyika mikoani, na hatua hiyo ilikuwa ya haki. Wakunga wote nao wasailiwe mikoani, kwenye vyuo vya afya vyenye midoli, ili nauli isiwe mchujo wa kwanza.

Dai la pili ni la wanaojitolea. Mikoani kote wapo wahitimu wanaofanya kazi leba bila mshahara, au kwa posho ndogo ya mapato ya ndani, miezi kwa miezi, wakiingia zamu za usiku kama waajiriwa. Wanaingia kwenye usaili wakiwa na alama sawa na aliyekaa nyumbani na kitini. Hiyo ni dhuluma. Mganga mfawidhi athibitishe kwa maandishi idadi ya akina mama ambao kijana amewahudumia na namna alivyowahudumia, uthibitisho huo uhakikiwe, na upewe alama zinazoonekana. Kazi aliyoifanya ni ya kweli, na watoto waliozaliwa mikononi mwake wanatembea.

Hospitali za mashirika ya dini na za binafsi, ambazo nyingi zinasaili watumishi wake zenyewe, hazihitaji waraka wa mtu yeyote. Zinaweza kuanza na usaili ujao: mdoli, shuka la kupimia damu, bibi wa kuigiza, na mahojiano ya Kiswahili. Serikali itafuata ikiona inawezekana. Na pote, jopo la kumsaili mkunga liwe na mkunga mzoefu mwenye kura, anayefanya kazi leba hadi leo. Siku ambayo jopo limeketi na hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kumpokea mtoto kwa mikono yake, lisitishe usaili, likamtafute mkunga, ndipo limwite kijana aingie.